Dakika Moja ya Ukimya

“Sikusema kata.”

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa. Mtu mzima, mrefu wa kugonga kichwa kwenye mlango wa kibanda changu cha ushonaji, kasimama saa sita mchana jasho likimtoka, na badala ya kuniuliza habari za asubuhi ananiambia hakusema kata. Nilikuwa na pini tatu mdomoni na gauni la mteja mapajani. Nilizitoa pini moja moja nikazichomeka kwenye mkono wa blauzi yangu, maana nilishaona usoni mwake kwamba habari yenyewe haimfai mtu mwenye pini mdomoni.

“Hukusema kata wapi?”

“Jana. Ukumbini. Ile dakika ya ukimya.”

Mguu wangu uliteleza kwenye pedali na cherehani ikatembea peke yake, ikashona mkono wa gauni la watu na hewa. Sikuisimamisha. Nilikuwa namtazama yeye, na yeye ananitazama mimi, na sote wawili tulikuwa tunasikiliza upya maneno yaliyosemwa jana katika dakika ile.

Wanawake wa mtaani kwetu humwita Bwana Kata. Ni mwalimu wa kamera. Akianza kurekodi husema “haya”, akimaliza husema “kata”, na husema kwa sauti ya kuamrisha jeshi, ingawa nje ya hapo ni mpole wa kuomba radhi hata kwa kiti alichokigonga. Siku moja muuza mboga alipokuwa anaeleza jambo kikaoni na maelezo hayana mwisho, likamponyoka: “Kata!” Ukumbi mzima ulicheka mpaka mkunga akashika ubavu, na jina likamganda.

Aliletwa atuandalie warsha za kutengeneza filamu. Kikundi chetu kina wanawake thelathini na mmoja na hakuna hata mmoja anayetaka kuwa nyota. Mkunga, ambaye amestaafu lakini hajastaafu kusema, anataka filamu fupi ya kuwaonyesha wajawazito zile dalili ambazo hazisubiri kesho. Muuza mboga anataka kumrekodi mama yake kabla hajasahau majina yote ya watoto wake. Mimi ni katibu, kwa hiyo mimi na Bwana Kata tukapewa kazi ya kupanga: Jumamosi ya kwanza, kushika simu bila mkono kutetemeka, ya pili, sauti, ya tatu, kukata na kuunganisha. Jumamosi tatu tu. Tulizipanga kwa wiki sita, meza moja, daftari moja, na kalamu moja ambayo kila mmoja alikuwa anaisubiri mkononi mwa mwenzake. Nilijua tangu wiki ya pili kinachonipata. Nikajifanya nahesabu viti.

Ubaya ulianzia kwa waume. Walipopata habari kwamba wake zao watarekodiwa, walinung’unika kama mizinga ya nyuki. Nani ataiona sura ya mke wangu? Itazunguka kwenye simu za nani? Ndani ya siku tatu majina kumi na mawili yakafutwa kwenye orodha. Ikabidi kamati iweke sharti la kuwatuliza: kila kitakachorekodiwa kwa jina la kikundi kitatazamwa na kamati nzima, mwanzo hadi mwisho, bila kufuta wala kuruka, kabla hakijakwenda popote. Na waume wapewe mtu wao ndani ya kamati. Majina yakarudi yote. Sharti lile lilikuwa zuri, na aliyeliandika kwa mwandiko wake mzuri, akapiga mstari chini ya “bila kufuta”, ni mimi.

“Nilidhani ulishasema,” nilimwambia.

“Mimi pia nilidhani nimesema. Nilikuwa nakuangalia wewe.”

Wakati mwingine wowote maneno hayo yangenipasua moyo kwa raha. Siku hiyo nilitazama saa ya ukutani.

Kila chumba, yeye hutufundisha, kina ukimya wake. Ukumbi wetu una feni inayolalamika na sauti za watoto wa zahanati ya jirani. Ukimaliza kurekodi mtu, mnanyamaza dakika moja na kamera iendelee, ili upate sauti ya chumba kitupu ya kuzibia mahali utakapokata maneno. Jana tulirekodi mfano wa zoezi la Jumamosi ya kwanza, ili kamati ione. Nilikaa mezani nikashona kifungo. Nilipomaliza nikaondoka kitini, tukasimama pembeni, tukanyamaza.

Kisha yeye akaacha kunyamaza. Na mimi nikamjibu.

Baadaye nilichomoa kadi kwenye kamera kwa mkono wangu mwenyewe, nikaipeleka nyumbani, nikamkabidhi mwenyekiti kama sharti linavyotaka. Mwenyekiti ni mama mkwe wangu.

“Itatazamwa saa kumi,” nilisema. Sauti yangu niliisikia iko mbali. “Leo hii. Shemeji atakuwepo.”

“Najua.”

“Basi tuifute. Mama hulala baada ya chakula. Nitaichukua, nikuletee, ufute hiyo dakika tu, nirudishe kabla hajaamka.”

Bwana Kata aliinama akaokota kifungo kilichokuwa sakafuni, akakiweka mezani kwangu polepole.

“Siwezi,” alisema.

“Huwezi, au hutaki?”

“Wanawake kumi na wawili wamerudisha majina yao kwa sababu ya neno ulilopiga mstari. Leo mimi mwalimu wao nifute?”

“Usinisomee daftari nililoliandika mwenyewe!”

“Na nilichosema sikukosea,” akaendelea. “Mtu hufuta alipokosea.”

Hasira ilinipanda, na ilikuwa hasira ya woga, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haichagui maneno. “Wewe ukikosea unasema kata, unaanza upya. Mimi nani wa kunianzishia upya? Una nini cha kupoteza wewe? Jumamosi tatu! Utafungasha kamera yako uende mtaa mwingine ukafundishe wengine kunyamaza. Mimi nina mtoto.”

“Na wewe nikikupoteza? Hilo si kitu?”

Alinyoosha mkono kunielekea, akakumbuka kwamba mlango uko wazi na mteja wangu wa jirani anapenda kuchungulia, akaurudisha. Nilitamani asiurudishe. Hata katika hofu ile, niseme ukweli, nilitamani. Nilivua futi ya kupimia shingoni, nikaitupa mezani, nikampita pale mlangoni bila kumwangalia machoni, kwa sababu ningemwangalia nisingetoka.

Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Nimebaki nyumbani kwao, mimi, binti yetu wa miaka saba, na mama yake. Siku tuliyorudi kutoka makaburini, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alisimama sebuleni mbele ya watu wote akasema: “Shemeji, wewe bado kijana. Siku ukitaka kwenda, hatukufungi kamba. Ila mtoto ni wa ukoo. Mtoto habanduki.” Wazee wakaitikia. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni, miguu ameinyoosha, mikono mapajani. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kwa miaka minne nimeishi na ukimya ule, nimeupikia, nimeufulia, na sijawahi kuthubutu kuuliza una maana gani. Binti yangu ana kovu dogo juu ya nyusi, na hulala akiwa ameshika sikio langu. Ndiye niliyekuwa namkimbilia njiani mchana ule, huku kiatu kimoja kikinivuka.

Nyumba ilikuwa kimya. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi nusu. Binti yangu, aliyekwisha kurudi kutoka shule, alikuwa amelala ubavuni mwa bibi yake bado na soksi, mguu mmoja juu ya tumbo la bibi. Mama amelala chali, kitambaa kichwani, anavuta pumzi ndefu. Kando ya mto kulikuwa na kasha la miwani. Nilijua imo humo. Mama huweka humo kila kitu cha maana: risiti za dawa, ufunguo wa kabati, jino la kwanza la mjukuu wake.

Nilipiga magoti. Kasha lilifunguka kwa mlio mdogo ambao kwangu ulikuwa kama mlango wa geti. Kadi ilikuwa pale, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Niliishika. Nikawaza, niivunje tu. Niitupe chooni. Niseme imepotea. Wanawake watanilaumu, waume watafuta majina, warsha zitakufa, muuza mboga hatamrekodi mama yake, lakini mwanangu atalala usiku akiwa ameshika sikio langu. Jamani, katika dakika ile warsha za dunia nzima nilikuwa tayari kuzizika.

“Irudishe.”

Mama hakuwa amefumbua macho. Pumzi yake haikubadilika hata kidogo.

“Mama, nilikuwa nataka tu kuhakikisha kwamba…”

“Kuhakikisha utahakikisha saa kumi, na wenzako. Si ndivyo ulivyoandika?”

“Ndivyo, mama.”

“Basi irudishe. Na funga vizuri, kasha hilo lina tabia ya kufunguka.”

Niliirudisha. Kasha nikalifunga kwa viganja viwili. Niliporudi nyuma kwa magoti hadi mlangoni nilimtazama usoni, nikitafuta kama anajua, kama hajui, kama ameshapata mtu wa kumwonyesha yaliyomo. Uso wa mama mkwe wangu hauna dirisha. Alivuta shuka akamfunika mjukuu wake mguu, akaendelea kulala, au kujifanya amelala.

Saa kumi kasorobo nilikuwa ukumbini napanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Runinga ya kuazima ilikuwa mezani, mashuka yametundikwa madirishani kuzuia mwanga. Bwana Kata alikuwa anaunganisha waya, na waya haukubali. Hatukusalimiana. Nilipita nyuma yake na kiti, naye akasema bila kugeuka, kwa sauti ya chini kabisa, “Nisamehe.” Nilikaza macho kwenye feni. Ningejibu, ningelia.

Mkunga aliingia wa kwanza, akatua kwenye kiti akahema. “Mwalimu, mikono inakutetemeka hivyo, na Jumamosi ndiyo unakuja kutufundisha isitetemeke? Hebu kanywe maji.”

Muuza mboga akacheka. Mimi nikacheka pia, kicheko kikatoka kirefu kuliko kichekesho chenyewe.

Shemeji alikuja na nguo za kazi. Ni fundi bomba, na spana ilikuwa mfukoni inaning’iniza suruali upande mmoja. Ndiye waliyemchagua waume awe jicho lao. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama mtoto amepona mafua, na wema ule ulinitisha zaidi. Mama alifika mwisho, taratibu, magoti yake hayapendi ngazi. Alikaa mbele. Alifungua kasha la miwani, akavaa miwani, akatoa kadi akamkabidhi Bwana Kata mkononi, akamtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika kumkabidhi mtu kadi.

“Anza.”

Mikono yangu ilitokea kwenye runinga, mikubwa kama ya mtu mwingine. Sindano ikaingia, uzi ukavutwa, kifungo kikakaa.

“Kumbe una vidole vizuri hivi!” alisema mkunga. “Miaka yote unanishonea sijaviona.”

“Jumamosi ya kwanza kila mmoja atamrekodi mwenzake hivi, akifanya kazi anayoijua,” Bwana Kata alieleza. Maneno yalikuwa yale yale tuliyoyaandika pamoja. “Uso si lazima. Mikono inatosha.”

“Hiyo nimeipenda,” alisema shemeji. “Mikono haina shida. Hilo nitawaambia.”

Kwenye runinga nikainuka. Kiti kikabaki kitupu, na kopo la vifungo, na ukuta. Sauti ya Bwana Kata ikasikika kutoka pembeni: “Sasa dakika moja, tusikilize chumba.” Feni ikalalamika. Mtoto mmoja akalia zahanati, akabembelezwa.

“Hapa pamekwisha,” alisema shemeji akijinyoosha. “Kiti kitupu hicho. Ruka, tuendelee na mengine, nina bomba la mtu linavuja.”

Kidole cha Bwana Kata kilikuwa juu ya kitufe. Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza tangu mchana macho yetu yalikutana, na yangu yalikuwa yanamwomba, yanamsihi, bonyeza, nakuomba bonyeza, na niliona jinsi alivyotaka kunipa kitu hicho kimoja nilichomwomba.

“Hakuna kuruka,” alisema mama.

Kidole kikaondoka.

“Naomba unisikilize,” ilisema sauti ya Bwana Kata kwenye runinga.

“Kumbe ukimya umekwisha?” Hiyo ilikuwa yangu, inacheka. Nilichukia kicheko kile.

“Nimenyamaza wiki sita. Nataka kukuoa.”

Mkunga aliacha kujipepea. Muuza mboga akaweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango.

“Usiseme mambo hayo humu ndani.”

“Niseme wapi? Barabarani hutaki tuongozane. Kibandani kwako wateja hawaishi. Kwenu siwezi kukanyaga. Nimebakiwa na ukumbi.”

“Nina mtoto.”

“Namjua. Juzi kanichora nina pua kama birika.”

“Siku nikitoka nyumba ile nitatoka peke yangu. Shemeji alishasema, na yule akisema hageuki. Ukimbishia anakaza tu, kama yuko kazini.”

Mkunga alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Shemeji hakugeuka. Niliona shingo yake ikivimba.

“Na mama?” iliuliza sauti ya Bwana Kata kwenye kiti kitupu.

Nikafumba macho. Maneno yaliyofuata nilikuwa nayajua yote, na hata hivyo niliyasikia kama yanasemwa na mwanamke mwingine, mpumbavu, asiyejua anasikilizwa.

“Mama hajawahi kusema neno. Ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Shemeji akifoka najua mwisho wake ni wapi. Mama akinyamaza sijui nimesimama wapi. Nikisikia kikohozi chake tu natafuta kosa langu. Halafu jioni namkanda magoti, nawaza, nikiondoka nani atamkanda? Binti wa kuzaa hana. Ana mimi. Niambie, nitamwachaje?”

Feni. Mtoto wa zahanati.

“Kwa hiyo jibu ni hapana?”

Kiti kitupu kilikaa pale kwenye runinga kwa muda mrefu sana, kisha zikasikika hatua zangu zikienda, mlango, na mwisho wa kila kitu.

Shemeji alikuwa ameshasimama. “Sawa,” alisema, na sauti ilikuwa ya chini, mbaya. “Sawa kabisa. Mimi nakuja hapa kulinda wake za watu, kumbe mke wa ndugu yangu ndiye anayewindwa. Wiki sita! Na vikao vyenu vya kupanga! Mama, sina haja ya kusema mengi. Aende. Leo, kesho, apendavyo. Nilishasema mtoto…”

“Kaa.”

“Mama…”

“Bado tunatazama. Mwalimu, rudisha nyuma. Pale ulipouliza.”

Bwana Kata alirudisha. Nilimwona akijifuta kiganja kwenye suruali. “Kwa hiyo jibu ni hapana?” iliuliza runinga tena, na kiti kikabaki kitupu tena, na mama akakitazama mpaka mwisho kama vile kuna mtu amekaa pale. Kisha akageuka na kiti chake chote, taratibu, miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, mpaka akawa ananitazama mimi.

“Mbona hukumjibu?”

Nilitazama pini zilizochomekwa kwenye mkono wa blauzi yangu.

“Mtu amekuuliza swali. Kakuuliza vizuri tu. Mbona ulimwacha amesimama?”

“Niliogopa, mama.”

“Hilo nimelisikia. Mbele ya runinga nimelisikia, na hawa wote wamelisikia.” Hakukasirika, hakutabasamu. “Sasa humu ndani hakuna mtu wa kumwogopa nyuma ya mgongo, wote tupo. Mjibu.”

Sijui kama mliwahi kusimama mahali ambapo neno moja linaweza kukunyang’anya mtoto. Ndani ya kichwa changu ilikuwa ni sikio langu tu, na vidole vidogo vikilishika. Nikisema hapana, nitarudi nyumbani leo hii, nitampikia binti yangu, nitamkanda mama magoti, na kila kitu kitakuwa kama jana, ila nitakuwa nimekufa kidogo. Nikisema ndiyo, sijui. Shemeji alikuwa ananitazama na mkono juu ya spana. Bwana Kata hakunisogelea wala hakunihimiza. Nikagundua kwamba mtu huyu angepokea hapana yangu, angekunja waya wake, na Jumamosi angekuja kufundisha kama alivyoahidi, asinitupie hata jicho la lawama. Hapo ndipo nilipojua kwamba siwezi kuisema.

“Ndiyo,” nilisema. Ilitoka kama mnong’ono. “Nampenda. Ndiyo. Lakini, mama, mwanangu… nakuomba…”

“Umesikia, mama?” Shemeji alipiga paja. “Amekiri! Mtoto wa kaka yangu hataenda kulelewa na…”

“Nilimzika kaka yako,” alisema mama. Hakupandisha sauti, ila shemeji alinyamaza kama amezimwa. “Mimi ndiye niliyemzaa na mimi ndiye niliyemzika. Mara moja inatosha. Hutanifanya nimzike na mkewe, na yeye bado anapumua. Na mtoto unayesema ni wa ukoo, umemwogesha lini? Unajua analala ameshika nini?”

Shemeji hakujua. Alitazama viatu vyake.

“Kaa, baba,” mama akamwambia, safari hii kwa upole, na akakaa.

Kisha akamgeukia Bwana Kata. Yule mwanamume mrefu alijikuta ameunganisha mikono mbele kama mwanafunzi.

“Wewe. Nyumba yako ina vyumba vingapi?”

“Mama?”

“Vyumba. Vya kulala. Vingapi?”

“Viwili, mama.”

Mama aliinua mkono akahesabu kwenye vidole, bila haraka, huku mkunga akihesabu naye midomo ikicheza. “Wewe na mkeo kimoja. Mtoto, ana miaka saba, anakua, anahitaji chake.” Alikifikia kidole cha tatu, akakishika, akabaki amekishika. “Haviwezi kutosha. Mtoto haachani na mama yake, na mimi siachani na mtoto. Katafute vitatu. Ukivipata, njoo na wazee wako, kwa mlango wa mbele, mchana, kila mtu aone.”

“Nitatafuta, mama,” alisema Bwana Kata, na machozi yalimtoka pale pale mbele ya kamati, mwanamume mzima. “Nitatafuta hata leo.”

Muuza mboga alianza kupiga kigelegele, mkunga akamfinya, anyamaze kwanza. Mimi nilikuwa nimefika kwenye kiti cha mama bila kujua nimefikaje, nimepiga magoti sakafuni, kichwa changu kwenye mapaja yake. Mkono wake ulinishukia mgongoni.

“Unasema nimenyamaza,” aliniambia sikioni, kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia. “Ningesema nini? Kila asubuhi nikiamka, kabla sijafumbua macho, nasikiliza ufagio wako uani. Nikiusikia nasema, haya, leo bado yupo. Miaka minne, mwanangu. Nimeogopa mpaka nimechoka. Siku nisipousikia…”

Nilimshika mikono yote miwili.

“Utausikia, mama,” nilimwambia. “Utausikia.”